Ndoano za Dropushoti: Vile Utachagua Ile Itamshika Besi wa Naivasha

Kama umeona mabeshte wako wakiposti picha wakiwa kwa boti Naivasha, wameshika samaki wa kijani mwenye mdomo mpana kama wa makanga akiita watu stejini, basi ushamwona besi. Na kama wewe pia ulienda ukarudi Nairobi na picha za viboko peke yake, usikimbilie kusema una mkosi. Mara nyingi ngori iko kwa kitu kidogo kabisa katika safari yote: ndoano.

Hebu piga hesabu. Umelipa mat, umelipa boti kwa masaa, umechukua leseni, umenunua fimbo na rili. Halafu ile chuma moja ya mwisho, ile pekee inayomgusa samaki mdomoni, umeiokota tu dukani bila hata kuangalia namba. Samaki anagusa, unavuta, uzi unalegea, kwisha. Doo imeenda na maji. Leo tunaongea na wewe ambaye unatumia ama unataka kujaribu mtindo unaoitwa dropushoti, kwa sababu huo mtindo hauvumilii ndoano ya kubahatisha.

BESI ALIFIKA AJE HAPA

Besi si mtoto wa hapa. Kwao ni Amerika Kaskazini, na aliletwa Ziwa Naivasha mwaka wa 1929 ili watu wapate samaki wa kuvua kama mchezo. Wajapani nao walimpeleka kwao, Ziwa Ashi, mwaka wa 1925, miaka minne tu kabla yetu. Hiyo story ya Japani inatuhusu, kwa sababu dropushoti imetoka kwa wavuvi wa huko. Maziwa yao yamevuliwa sana, besi wameona kila aina ya chambo, kwa hivyo wasee ikabidi watafute njia ya upole. Miaka ya 1990 ikiisha, mtindo ukavuka hadi California, na kutoka hapo Marekani nzima ikaushika.

Na usidhani Wajapani wanacheza. Rekodi ya dunia ya besi mkubwa, kilo 10 na kidogo, iliwekwa na George Perry kule Georgia mwaka wa 1932. Ilikaa miaka 77 bila mtu kuifikia, mpaka Manabu Kurita akatoa wa uzito huo huo kwa Ziwa Biwa, Japani, mwaka wa 2009.

Wetu wa Naivasha si wa saizi hiyo, usijidanganye. Lakini anajua kupigana, na ni mlafi. Anakula wadudu, vyura, samaki wadogo, na yule kamba mwekundu wa maji baridi mwenye makucha, ambaye asili yake ni kusini mwa Marekani na aliwekwa ziwani mwaka wa 1970. Hiyo menyu iweke kwa akili, tutaihitaji tukifika kwa chambo.

VILE DROPUSHOTI INAFANYA KAZI

Ukivua kawaida, risasi inakaa karibu na ndoano ama juu yake, na vyote vinazama pamoja. Dropushoti inageuza mambo. Risasi, ile watu wa Pwani wanaita chubwi, inakaa chini kabisa mwisho wa uzi. Ndoano inafungwa juu yake, sentimita 20 hadi 45. Risasi inalala kwa matope, chambo kinabaki juu kikielea pale macho ya besi yako. Wewe unatingisha ncha ya fimbo kidogo tu, chambo kinacheza bila kuhama mahali. Besi ambaye hakuwa hata na njaa anaangalia hiyo kitu ikimchezea usoni, mpaka uvumilivu unaisha na anaimeza.

Ukishaelewa hiyo picha, unaelewa mbona ndoano ni maneno kubwa. Kwanza, chambo kinaelea, kwa hivyo ndoano nzito inakivuta chini na densi yote inaisha. Pili, ndoano inafungwa katikati ya uzi, si mwisho, kwa hivyo lazima isimame wima kwa upande, ncha ikiangalia juu, la sivyo inalalia uzi na samaki anaipita tu. Tatu, uzi wa dropushoti ni mwembamba na fimbo ni laini. Huna nguvu ya kumvuta samaki kama unavuta ng'ombe. Ncha lazima iingie yenyewe kwa msukumo mdogo.

NAMBA ZA NDOANO, MAHALI WENGI HUPOTEA

Hapa ndio watu hunyoroshwa dukani. Namba za ndoano zinaenda kinyume halafu zinageuka. Namba 6 ni ndogo kuliko 4, namba 4 ni ndogo kuliko 2, na 2 ni ndogo kuliko 1. Ukishafika 1, kibao kinageuka: inayofuata kwa ukubwa ni 1/0, halafu 2/0, halafu 3/0, zikizidi kupanda. Kwa hivyo msee akikuambia "nataka mbili," muulize mbili gani, kwa sababu namba 2 na 2/0 ni vitu viwili tofauti kabisa. Moja inaingia kwa mdomo wa samaki bila yeye kujua, ile ingine unaweza kutundikia koti.

Kwa dropushoti, dunia yako iko kati ya namba 4 na 2/0. Ukipita hapo juu ama chini, uwe na sababu.

Na bado kuna mtego mwingine: hakuna kipimo kimoja ambacho makampuni yote yanafuata. Namba 1 ya Gamakatsu si lazima ilingane na namba 1 ya Owner, na zote mbili ni za Japani. Ukichukua Mustad ya Norway ama VMC ya Ufaransa, unaweza kupata tofauti tena. Kwa hivyo namba ni ya kukufikisha kwa rafu sahihi tu. Uamuzi wa mwisho ni wa macho. Beba chambo chako dukani, weka ndoano kando yake, uangalie. Muuzaji akikununia, mnunie pia.

Jambo la kuangalia ni uwazi, yaani ile nafasi kati ya ncha na mguu wa ndoano. Ukishapitisha chambo, lazima kubaki nafasi wazi ya kutosha kushika nyama ya mdomo. Chambo kikijaza uwazi wote, ncha haina mahali pa kwenda. Samaki atauma plastiki, utavuta plastiki, na yeye atabaki akikushangaa.

AINA ZENYEWE

Ndoano ya kwanza ambayo nataka ujue ni ile fupi ya kutoboa pua. Mguu wake ni mfupi, tumbo ni la mviringo, uwazi ni mpana, na ncha mara nyingi imeinama ndani kidogo. Paketi zingine zimeandikwa jina la dropushoti kabisa, zingine zinaitwa oktopasi ama moskito, lakini ukiziweka pamoja utaona ni ndugu. Unachukua chambo chako laini cha plastiki, unakitoboa puani pekee, milimita tatu hivi kutoka mwisho, na kinabaki kimening'inia huru. Hakuna ndoano inayofanya chambo kicheze kama hii, kwa sababu karibu mwili wote hauna chuma ndani. Kwa mnyoo wa plastiki wa inchi 4, anza na namba 1 ama 2. Kwa kisamaki cha plastiki cha inchi 3, shuka hadi 2 ama 4. Ukiniuliza mimi, mtu anayeanza anunue hii kabla ya ingine yoyote.

Lakini ina udhaifu mmoja: ncha iko nje wazi. Kwa maji yasiyo na uchafu ni baraka, kwa majani ni balaa. Na Naivasha, buda, majani yako. Kuna mafunjo kingoni, kuna visiwa vya gugu maji vinavyotembea na upepo, na tangu maji yapande hadi kuingia mitaa kama Kihoto, kuna migunga iliyokufa ikiwa imesimama ndani ya ziwa. Ukirusha ncha iliyo wazi hapo katikati, utakuwa unavua matawi.

Hapo ndio inaingia ndoano ya kona. Karibu na tundu, mguu wake umepindwa kama bega, halafu unashuka. Unatoboa kichwa cha mnyoo, unapitisha ndoano mpaka kichwa kikae kwa hiyo kona, unaigeuza, halafu unarudisha ncha ndani ya mwili wa mnyoo ili ijifiche. Sasa unaweza kupita katikati ya majani bila kushikwa. Samaki akiuma, plastiki inajikunja na ncha inatoka. Saizi hapa zinapanda, kwa sababu ncha lazima isafiri kupitia plastiki kwanza: 1/0 kwa mnyoo wa inchi 4 hadi 5, na 2/0 kwa wa inchi 6 ama kwa chambo kinene. Angalia mnyoo ukae umenyooka kama rula. Ukiwa umejikunja, utazunguka majini kama propela na kusokota uzi wako wote.

Kuna ya kati na kati, ile ya mguu mrefu ulionyooka na waya mwembamba, ambayo ina vijino vidogo juu ya mguu vya kuzuia chambo kisiteleze. Watu wa California wanaipenda sana kwa ile minyoo myembamba. Unaipitisha kama ile ya kona, lakini ncha unaificha kidogo tu chini ya ngozi ya plastiki. Inapita majani mepesi, na inatoboa vizuri kuliko ya kona kwa sababu mguu ulionyooka hausambazi nguvu. Saizi ni 1 hadi 2/0. Kama ungeruhusiwa aina mbili pekee maisha yako yote, ningekuambia beba ile fupi ya pua na hii.

Zingine nitazipitia haraka. Kuna ndoano iliyofungwa kwa kijiti chenye vizunguzo juu na chini, ili ndoano izunguke na uzi usisokotwe. VMC wanatengeneza ya aina hiyo. Inasaidia kama unavua kina kirefu na kuvuta juu mara kwa mara, lakini bei yake iko juu na ina mafundo mawili ya kufunga, kwa hivyo kuna nafasi mbili za fundo kukatika. Kuna pia ile yenye waya mdogo wa kulinda ncha, unatoboa mnyoo katikati ya mgongo na unaacha ncha mbili zikining'inia kama masharubu. Inaonekana kama utani lakini besi hupenda. Na ile yenye ncha tatu, achana nayo kabisa hapa.

UNENE WA WAYA, HAPA KAA CHINI TUONGEE

Watu wanabishana juu ya saizi na jina la kampuni, halafu kitu kinachowapotezea samaki ni unene wa waya. Hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili.

Waya mwembamba unatoboa kirahisi. Na uzi wa pauni 6 hadi 8, yaani wa kuhimili kilo 3 hivi, pamoja na fimbo laini, nguvu yako yote inayofika kwenye ncha ni kidogo sana. Ndoano nyembamba inatumia hiyo nguvu kidogo na inaingia. Ndoano nene inahitaji mvuto wa maana ndio iingie mpaka ndani, na ukijaribu kutoa mvuto kama huo kwa uzi mwembamba, uzi unakatika. Ndio maana msee anaweza kununua ndoano ghali, kali, inang'aa, na bado kila samaki anatoka nusu njia. Ncha iliingia juu juu tu, samaki akaruka akatikisa kichwa, ikatoka.

Kinyume chake pia ni noma. Ukiweka ndoano nyembamba kwa fimbo ngumu na uzi uliosukwa wa pauni 30, halafu uvute kama unavyoona wale wasee wa video wakifanya, waya unanyooka. Unairudisha kwa boti ukiangalia kitu kama pini ya nywele. Kwa hivyo waya, uzi na fimbo vinaendana. Chagua vyote vitatu kama timu moja.

Kwa Naivasha ningeigawa hivi. Maji ya wazi kando ya mawe, kama upande wa Crescent Island ambako ndiko ziwa lina kina kirefu zaidi: waya mwembamba, ndoano fupi ya pua, uzi wa pauni 6 hadi 8. Maji ya huku si ya kuona mpaka chini kama ya Diani, kwa hivyo huna haja ya uzi mwembamba kupita kiasi, pauni 8 ni sawa tu. Kingo za mafunjo na kwenye migunga iliyozama: panda hadi uzi wa pauni 10 ama 12, ndoano ya kona yenye waya wa wastani, kwa sababu ukimshika besi hapo una sekunde chache za kumtoa kabla azunguke shina na kukufunga. Hapo ndoano nyembamba ikinyooka utalia.

Na mvuto wenyewe? Kwa waya mwembamba, sahau ile kuruka nyuma kama umepigwa shoti ya stima. Ukisikia gonga gonga ama uzito ambao haukuwepo, zungusha rili mpaka uzi ukaze, halafu inua fimbo polepole lakini kwa uhakika. Basi. Ndoano imeshaingia. Ukitumia ya kona ongeza kidogo, kwa sababu kuna plastiki ya kupita.

TUNDU NA FUNDO

Ndoano nzuri iliyofungwa vibaya ni pini tu. Fundo la dropushoti linaitwa Palomar, na unaweza kulijifunza ukiwa kwa mat kabla mfike Limuru. Kunja uzi uwe mara mbili, ukiacha mkia mrefu, kama sentimita 60. Pitisha hicho kitanzi kwenye tundu la ndoano. Funga fundo la kawaida kabisa, bila kukaza. Chukua kitanzi, kipitishe chini ya ndoano nzima. Lowesha kwa mate, kwa sababu uzi mkavu unajichoma ukikazwa, halafu vuta polepole mpaka kikae.

Sasa hatua ambayo wengi wanaruka: shika ndoano ncha ikiangalia juu, chukua ule mkia mrefu, uupitishe tena kwenye tundu kutoka upande wa ncha, kwenda chini. Vuta. Utaona ndoano imesimama kwa upande, imenyooka kama mkono wa trafiki. Ikiwa imelala ama inaangalia chini, umepitisha upande usiofaa, toa na urudie. Ukimaliza, funga risasi chini ya mkia.

Kwa sababu ya hilo fundo, angalia tundu la ndoano kabla ununue. Lazima liwe na nafasi ya uzi kupita mara tatu. Angalia pia kama duara limefungwa vizuri pale chuma inapokutana. Ndoano za bei ya chini huacha kaupenyo hapo, na hako kaupenyo kanakata uzi kama wembe.

Juu ya risasi sitakaa sana: gramu 7 inatosha siku ya kawaida, 10 kama upepo wa mchana umeamka, 3.5 kwa maji ya chini yaliyotulia. Tafuta zile zenye kishikizo cha kubana uzi bila fundo, kwa sababu zikikwama kwa mawe, uzi unachomoka na unapoteza risasi peke yake. Ndoano na samaki vinabaki vyako.

CHAMBO NDIO HUAMUA NDOANO

Unakumbuka yule kamba mwekundu? Besi wa Naivasha anamjua vizuri. Kwa hivyo plastiki ndogo ya mfano wa kamba, rangi ya kahawia ama nyekundu iliyokolea, ni bahati nzuri ya kuanzia. Shida ni kwamba hizo plastiki ni nene na zina makucha, kwa hivyo ndoano ya namba 2 itamezwa humo ndani. Tumia 1/0 ya kona, na ushushe chambo karibu na risasi, sentimita 15 hadi 20, kwa sababu kamba anatembea chini, haogelei juu. Mnyoo na kisamaki ndio unainua hadi sentimita 30 na zaidi.

Na kama unavua na mnyoo wa ukweli uliochimba shambani, tumia ndoano fupi ya namba 4 ama 2. Lakini jua kwamba kitu cha ukweli kinamezwa haraka, na ndoano inaenda ndani ya koo. Usiache fimbo ikae peke yake ukichapa story.

Onyo moja: zile ndoano za mbuta zinazouzwa kwa wavuvi wa Ziwa Victoria, hata kama ni rahisi na zinapatikana kila mahali, si za kazi hii. Ni kubwa, ni nene, zimetengenezwa kwa samaki mwingine na uzi mwingine. Ukiziweka kwa dropushoti, chambo kitazama kama nanga.

UKALI, KIJINO NA RANGI

Ndoano haikai kali milele. Ukigusa mawe mara mbili tatu, ncha inapinda kiasi cha kutoonekana na macho. Jaribu hivi: ivute juu ya kucha ya kidole gumba bila kusukuma. Ikishika kucha, iko fiti. Ikiteleza, itoe, weka ingine. Usikwamilie ndoano moja siku nzima kwa sababu ya ubahili, ni kitu cha bei ndogo kuliko kila kitu kingine ulichokuja nacho. Na ukifika kejani zianike zikauke kabla ya kuzifungia kwa kisanduku, kutu huanzia kwa ncha.

Kile kijino kilicho nyuma ya ncha kinazuia samaki asichomoke. Kama mpango wako ni kumrudisha majini, kibane na koleo kilale. Utapoteza samaki wachache zaidi, hiyo ni kweli, lakini ukiweka uzi ukiwa umekaza muda wote tofauti ni ndogo kuliko vile watu hudhani. Na siku ndoano itaingia kwa kidole chako mwenyewe, utashukuru sana.

Rangi? Nyeusi, fedha, nyekundu, zote zinashika samaki. Wauzaji watakupigia story ndefu kuhusu nyekundu. Chukua nyeusi, songa mbele.

KAMA UNAPIGA BAJETI

Anza na paketi tatu tu: fupi ya pua namba 1, ya mguu ulionyooka 1/0, na ya kona 2/0. Hizo zinakutosha kuzunguka ziwa lote. Ukiona besi wanagusa na kuacha, kabla ya kubadilisha chambo ama kuhama mahali, shuka ndoano saizi moja. Hiyo peke yake mara nyingi inageuza siku. Kama wanameza mpaka kooni, panda saizi moja, ama acha kuchelewa kuvuta.

Samaki aliyemeza ndoano hadi kooni, na wewe hutaki kumla, usianze kumchokora na koleo mpaka matamvua yatoe damu. Kata uzi karibu na ndoano, umwachilie. Ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi hivyo kuliko ukimpasua ukitafuta kachuma kako. Na vipande vya uzi vilivyokatika usivitupe majini. Naivasha iko kwa orodha ya Ramsar ya maeneo oevu tangu 1995, ndege ni wengi, na uzi ukimfunga mguu ndege hana wa kumfungulia.

KABLA UTOKE NAIROBI

Uvuvi wa kujifurahisha nao unahitaji leseni, usidanganywe na mtu wa boti kwamba "hapa tunajuana." Uliza ofisi ya uvuvi Naivasha ama watu wa BMU kwa fuo kama Karagita na Kamere kama ziwa liko wazi, kwa sababu kuna vipindi uvuvi hufungwa ili samaki wazaane, na ukipatikana wakati huo vifaa vyako vyote vinaweza kwenda.

Halafu kuna viboko. Ufuo wenye nyasi fupi zilizochungwa usiku ni wao, si wako. Mwaka wa 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko ufuoni hapo Naivasha akiwa anapiga picha. Usivue ukiwa umesimama majini kwenye mafunjo, usivue ufuoni jioni giza likiingia, na boti ikipita karibu na kundi, mwambie kapteni aende mbali hata kama besi wanauma upande huo. Vaa jaketi ya kuokoa maisha ikiwa imefungwa, si ile ya kukalia.

Ndoano ikikuingia mwilini na kijino kimepita ngozi, usiichomoe kwa nguvu. Kata uzi, funika, nenda hospitali, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda. Ikiwa karibu na jicho hata usiiguse. Beba koleo refu, kikata waya na bendeji kwa kisanduku kimoja na ndoano zako, na ukikaa kwa boti mwambie jirani yako kabla ya kurusha.